Fundi Alipompima Mwende

Juzi nilipita mbele ya karakana moja ya seremala, nikasikia harufu ya mbao za saiprasi zilizopasuliwa asubuhi hiyo. Wenzangu mkisikia harufu hiyo mnafikiria kitanda kipya au kabati la maharusi. Mimi nafikiria jeneza la mtoto. Niliharakisha kupita kama mtu anayedaiwa. Wanaonijua hunitania kwamba nikiona wingu moja naanua nguo zangu na za jirani. Ni kweli, mimi ni mtu wa wasiwasi. Lakini wasiwasi wangu una nyumbani kwake, na ni juu ya mteremko mmoja nje kidogo ya soko la Kikima, enzi zile sisi tulikuwa watoto na mzee mwenye simu ndogo ya tochi, ile ya mulika mwizi, alionekana mtu mkubwa.

Nyumba yetu ilikuwa juu, kahawa ilikuwa chini yake, na barabara ilikuwa chini zaidi, mbali na karibu kwa wakati mmoja, kwa sababu uliiona vizuri lakini kuifikia ilibidi ushuke kama mbuzi. Upande ule usipochimba matuta shambani, mvua moja tu hukubebea udongo ukawa mali ya watu wa chini. Baba aliuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Sultan Hamud, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa watatu: mama, mimi Mutheu, na mdogo wangu Mwende.

Mwende alikuwa amefika umri wa kwenda shule, lakini mwili wake haukumtii. Alizaliwa kwa shida kubwa, na tangu hapo shingo yake ililegea na miguu yake ikakakamaa. Hakuweza kukaa bila kushikwa, hakutembea, na hakutamka neno. Kucheka ndiko alikokuweza sawasawa. Aliwacheka kuku wakigombana, aliwacheka wageni wakijikwaa kwenye jiwe letu la mlangoni, na zaidi ya yote alinicheka mimi nikichapwa. Kitu alichokiogopa ni kelele za ghafla. Upepo ukibamiza mlango, mwili wake wote ulishtuka, mikono ikafunguka kama anaanguka kutoka juu, halafu kikafuata kilio ambacho kingeweza kumaliza asubuhi nzima. Kwetu tulijifunza kutua sufuria polepole. Mpaka leo mimi nafunga mlango nikiushika kitasa kwa mikono miwili.

Mama alimbeba mgongoni kwa leso. Alichota maji naye, akalima naye, akapika naye akigeuza uso ili moshi usimfikie. Watoto wa rika la Mwende walikuwa tayari wanatumwa dukani, naye alikuwa bado mgongoni, miguu yake mirefu ikining'inia na kumpiga mama kwenye mapaja kila alipopiga hatua. Siku mgongo ulipomkataa kabisa, mama alimlaza juu ya gunia kivulini, akalima mstari mmoja, akarudi kumwangalia, akalima mwingine. Niliwahi kumkuta ameegemea ukuta wa jikoni, amefumba macho, anajikandamiza kiuno kwa ngumi. Nilimuuliza kama anaumwa. Aliniambia ameegemea tu.

Kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Wanawake wana mwethya, kikundi chao cha kazi, na leo wanachimba matuta kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, majembe yakipanda na kushuka pamoja na wimbo. Sharti la mwethya linajulikana: usipokwenda kwa wenzako, wenzako hawaji kwako. Mama aliacha kwenda Mwende alipozidi kuwa mzito, na matuta yetu yakaanza kubomoka moja baada ya jingine. Wimbo ulipovuka bonde kutoka shamba la mtu, mama aliongeza bidii ya kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumwita, na mimi niliona ingekuwa nafuu kama wangemtukana.

Seremala wetu alikuwa Fundi Kyalo, mtu mwembamba aliyependa kuweka penseli sikioni na kuisahau hapo hadi kanisani. Alitengeneza vitanda, madawati ya shule na majeneza, vyote katika banda moja. Lakini hakuvipima kwa namna moja. Vitu vya walio hai alivipima kwa tepu yake ya chuma, ile inayojikunja yenyewe kwa mlio. Maiti alimpima kwa uzi wa katani. Nililiona jambo hili kwa macho yangu babu alipofariki. Fundi aliunyoosha uzi toka utosini hadi visiginoni, akafunga fundo, akapima mabega, akafunga fundo jingine, na siku ya mazishi, kabla kifuniko hakijafungwa, aliuweka uzi ule miguuni pa babu. Nilikuwa nimesimama karibu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa maswali, nikamuuliza kwa nini.

"Kipimo cha marehemu kinaenda na yeye," akaniambia. "Kikibaki huku nje, kitatafuta mwingine."

Alisema vile kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto matumizi ya randa. Nadhani alisahau maneno yake kabla hajafika getini. Mimi sikuyasahau. Babu tulimzika ukingoni mwa shamba, pale mteremko unapolala kidogo, na kila nilipopita hapo niliuwaza uzi ule ukiwa salama chini, nikashukuru.

Haukupita muda mrefu akaja mwalimu mmoja kwa bodaboda, mwanamke mwenye viatu vyekundu kwa vumbi, kutoka ofisi inayoangalia watoto wenye ulemavu. Nilitumwa kumfunga mbuzi aliyekuwa tayari amefungwa. Nilizunguka nyuma ya jikoni, nikabana pumzi, nikasikiliza. Alimshika Mwende miguu, akamkunja magoti taratibu, akamwongelesha kama mtu mzima. Halafu akamgeukia mama.

"Mama Mutheu, hivi hamwezi kuendelea. Mgongo wako utakatika. Na huyu mtoto hatuwezi ngojangoja tena, miaka inaenda."

"Na nikijaribu halafu iwe kama ile ingine?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Itakuwa tofauti. Wewe kubali tu, hayo mengine tutasaidiana."

Nilimsikia mama akilia, kisha akasema amekubali. Mimi nilitoka nyuma ya jikoni nikiwa na mambo matatu: Mwende hangojwi tena, kuna kitu mama amekikubali, na alipokikubali alilia. Mtoto akipewa vipande vitatu atashona nguo nzima.

Wiki hiyo hiyo Fundi Kyalo alipanda kwetu. Mwende alikuwa amelala kwenye mkeka uani. Fundi alichuchumaa, akavuta tepu yake ya chuma, na alipoiachilia ikarudi kwa ule mlio wake, tap! Mwende alishtuka hadi kichwa kikapiga chini, akaanza kulia. Fundi aliomba radhi, akajaribu tena polepole, na tepu ikamponyoka tena. Mwende akapiga kelele kana kwamba amechomwa. Ndipo mama alipoingia ndani, akatoka na uzi mrefu wa katani aliokuwa akisukia viondo, vikapu vya kwetu. Alimnyooshea fundi akiangalia kando. Nilikuwa mlangoni na nililiona hilo.

Fundi aliuangalia uzi, akamwangalia mama. "Hii, mama?"

"Pima tu."

Akapima. Kutoka utosini hadi kiunoni, fundo. Kiunoni hadi gotini, fundo. Gotini hadi kisiginoni, fundo. Mabega. Mwende alikuwa ametulia kabisa, anaufuata uzi kwa macho, hata akatabasamu ulipomtekenya shingo. Mimi mkojo ulinitoka pale mlangoni na sikusogea. Fundi akaukunja uzi, akautia mfukoni, akateremka zake akipiga mluzi.

"Fundi anatengeneza nini?" nikamuuliza mama.

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Mutheu, maswali yako yatanimaliza. Nenda ubadilishe hiyo nguo."

Sasa najua kwa nini hakuniambia. Kabla ya hapo, Mwende alikuwa ameahidiwa kiti cha magurudumu mbele ya mkutano kwa chifu. Walimpiga picha akiwa mikononi mwa mama, watu wakapiga makofi, na mama akatangaza habari hizo kanisani, sokoni na kisimani. Kiti hakikuja. Kila aliyekutana naye alimuuliza, "Kiti kilifika?" mpaka akaanza kupitia njia za nyuma. Kwa hiyo safari hii alikuwa amewaapisha wote, fundi, mwalimu, baba na mchungaji, kwamba asiye na kazi katika jambo hilo asiambiwe lolote hadi kitu kiwe ndani ya boma. Aliogopa kutumaini kwa sauti. Lakini mimi hayo yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba nyumba imenyamaza kama ilivyonyamaza babu alipozidiwa.

Nikaanza kumlinda Mwende. Niliamka kabla ya mama na kuweka kiganja kifuani pake kuhakikisha kinapanda. Nilimlisha uji mimi mwenyewe, nikiuonja kwanza. Shuleni niliugua tumbo ambalo halikuwepo ili nirudishwe nyumbani, na mwalimu wangu wa darasa alipochoka na tumbo langu, nilikaa dirishani nikitazama juu ya mteremko kuona kama kuna watu wanakusanyika kwetu. Ningemwambia nani? Kwetu mtoto akitamka kifo cha mtu, anachapwa kabla hajamaliza sentensi. Na isitoshe, kama mama amekubali, na mwalimu amekubali, na fundi amekubali, mimi nilikuwa nani wa kukataa?

Jumapili mchungaji alituita mbele. Sikuzote alikuwa akiomba Mwende ainuke na kutembea, akipaza sauti hadi Mwende anashtuka. Siku hiyo aliomba kwa sauti ya chini. Alimwomba Mungu aitie nguvu familia hii kwa ajili ya safari iliyo mbele ya mtoto huyu. Nilifungua macho katikati ya maombi. Mara ya mwisho kumsikia akitaja safari ya mtu tulikuwa tumesimama kando ya shimo.

Kisha akaja Mama Ndunge. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa mwethya, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na hakuwa amekanyaga kwetu tangu mama aache kwenda kazini. Mwalimu alikuwa amepitia kwake. Alimwambia mama aende sokoni Kikima akatembee mikono mitupu, yeye atakaa na mtoto. Mama alikataa, akakubali, akatoka akigeuka nyuma kila hatua. Mama Ndunge akamkalisha Mwende mapajani. Nilikaa mkabala naye asubuhi nzima nisimwondolee macho. Uji ulimwagika kwenye blauzi yake. Mwende alikakamaa akamponyoka, akamdaka, akakakamaa tena. Alimhamisha goti hili, goti lile, begani, akasimama naye, akakaa. Wimbo aliouanza ulimshinda katikati. Mama aliporudi, Mama Ndunge alimkabidhi mtoto, akataka kuinuka kwenye kigoda na akashindwa, ikabidi ashike ukuta. Alipokuwa akishuka kwenda kwake nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya leso. Mwanamke yule sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya babu hakulia.

Baba naye akaja katikati ya wiki. Mara ya mwisho alipokuja katikati ya wiki ilikuwa ni kwa ajili ya babu. Alibeba gunia lililokuwa likigongana vyuma ndani, akaliweka nyuma ya mlango na kunionya nisiliguse. Hakuuliza habari za shule. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwende, akamnyanyua juu, akamtazama usoni, naye Mwende akamchekea. Baba akasema, "Mungu atusaidie tu," akakaa naye mapajani hadi chakula kikapoa.

Asubuhi yake niliamshwa na jembe.

Nilitoka nje nikaona wanawake wote wa mwethya, majembe na sururu na makarai, wameanza kuchimba ukingoni mwa shamba letu, hatua chache tu kutoka kaburi la babu. Nilijua vizuri kwamba kwetu kaburi huchimbwa na wanaume. Lakini mtoto akishaamini jambo haombi ushahidi zaidi, na unaopingana naye hauoni. Hawakuwa wakiimba. Baba alikuwa ameondoka na gunia lake kwenda kwa fundi. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachochea moto chini ya sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe, sufuria ile ile tuliyoazima tulipokuwa na matanga.

Sikufikiri. Nilichukua leso, nikainama kama nilivyomwona mama akiinama, nikamtelezesha Mwende mgongoni, nikafunga fundo kifuani kwa nguvu zangu zote, nikashuka katikati ya kahawa. Nilikusudia kufika barabarani. Baada ya barabara sikuwa na mpango, labda Mbumbuni kwa shangazi, labda popote ambapo hawajui kupima watu kwa katani. Mwende alifurahi sana. Alicheka kila tawi lilipotupiga, na nilimsihi anyamaze, naye akacheka zaidi.

Sikufika mbali. Sijui mama alikuwa akifanyaje. Hatua chache nikahisi kama mtu ameniwekea gunia la saruji na anaendelea kuongeza. Miguu yake iliyokakamaa ilinisukuma mbele, na kichwa chake kikanivuta upande. Niliteleza kwenye tuta lililobomoka, nikashika mti wa kahawa, na papo hapo nikahisi leso inalegea. Nilijaribu kuikaza. Kuikaza kulihitaji mikono miwili, na mkono mmoja ndio uliotushikilia tusibingirike hadi barabarani. Mwende akaanza kushuka mgongoni mwangu, kidogo kidogo, na kicheko chake kikakatika. Nilimsikia akihema shingoni mwangu kwa ile pumzi fupi ya kabla ya kilio. Niliinama zaidi ili asianguke, na kadiri nilivyoinama ndivyo nilivyozidi kushindwa kuinuka. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilielewa kwamba wao hawajamfanya kitu bado, na mimi ndiye ninayemwangusha.

"Mwaitu!" nikapiga kelele kumwita mama aje. "Mwaitu, ũka!"

Mama alishuka mbio bila viatu, na wanawake nyuma yake, wengine na majembe mikononi. Alimdaka Mwende leso ilipokuwa inaachia. Nilipoyaona yale majembe nikamkumbatia mama miguuni.

"Msimzike!" nikalia. "Bado anapumua! Angalieni, anapumua!"

Majembe yakateremshwa. Mama Ndunge ndiye aliyeuliza kwanza.

"Asi! Nani anazikwa?"

"Mwende. Fundi alimpima na katani. Na nyinyi mnachimba kando ya babu."

Wanawake wakamgeukia mama. Kila mmoja wao aliijua desturi ya Fundi Kyalo. Mama alikaa chini pale pale kwenye majani makavu ya kahawa, Mwende mapajani, akanivuta nikae.

"Ni kiti, Mutheu," akasema. "Anatengenezewa kiti cha kukalia. Huko chini kwa shule yenu wamefungua darasa la watoto kama yeye, na mwalimu amesema atamchukua, bora aweze kukaa na aweze kufika. Hiyo wanachimba ni njia. Pale kwa babu ndio mahali peke yake kiti kinaweza pita bila kupinduka."

"Na uzi?"

Mama alimtoa Mwende jani kichwani. "Uzi hata mimi uliniogopesha. Tangu siku hiyo sili vizuri. Lakini uliona vile tepu inamfanya. Tepu ingemuumiza yeye, uzi ungeumiza mimi peke yangu. Nikaona ni afadhali."

Hakujua kwamba uzi ule ulikuwa umetuumiza wawili. Aliponitazama usoni akajua, na alilia waziwazi mbele ya wanawake ambao kwa muda mrefu hakutaka waone hata chozi lake moja. Mmoja wao akasema kwa aibu kwamba walidhani mama anajitenga. Mama Ndunge akamgeukia.

"Hakuna kudhani. Mimi nilikaa na huyu mtoto asubuhi moja tu, na mgongo haujapoa mpaka leo. Tumekuwa tukisema Mama Mutheu hakuji mwethya. Amekuwa mwethya kila siku, peke yake. Ni sisi hatujakuwa tukikuja. Na nimesema, kutoka leo, mtu akikaa na Mwende, hiyo inahesabiwa kama ameshika jembe. Kuna mwenye ako na swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Mama Ndunge akageuza mgongo wake mpana, akainama, akasema awekewe mtoto. Akapanda naye mteremko akihema kama ng'ombe wa plau, na nyuma yake wimbo ukaanza, kwanza mtu mmoja, kisha wote. Waliniita mwizi wa watoto hadi mchana. Niliponyimwa jembe kwa kuwa mdogo nilibeba mawe kwa karai, na bado kila baada ya karai moja au mbili nilikwenda kumwangalia Mwende kama kifua kinapanda. Kuambiwa ukweli hakukuniponya siku ile ile.

Alasiri baba na Fundi Kyalo wakapanda na kiti, wakikisukuma kwenye njia mpya ambayo udongo wake ulikuwa bado laini. Hakikuwa kizuri. Kilikuwa na mgongo mrefu wa saiprasi ulionukia randa, mbao mbili za kushika mbavu, ubao wa kuwekea miguu, meza ndogo ya mbele, na magurudumu mawili ambayo baba aliyatoa kwenye wilbaro mbili mbovu. Ndani walipachika vipande vya godoro kuukuu. Wanawake wakakizunguka. Nilisikia mmoja akinong'ona, "Na kama hakitamtosha?" na nikaona mama amesikia.

"Msimkalishe haraka," mama akasema. "Ngojeni kwanza." Akakagua misumari. Akapapasa godoro. Akauliza kama gurudumu limekazwa, akauliza tena. Nadhani kama tungemwachia, angekagua hadi giza liingie, maana kabla Mwende hajakikalia, kiti kilikuwa bado hakijashindwa.

Mwishowe baba akamchukua Mwende kutoka mgongoni mwa mama na kumweka kitini. Mwili ulikakamaa papo hapo. Miguu ikanyooka, kichwa kikaanguka upande, na akatoa ile sauti ya kuanza kulia. Mama alirukia mbele, mikono tayari. "Mwache kidogo," Fundi akasema, "mwache." Akapiga magoti, akamkunja miguu polepole kama mwalimu alivyomwonyesha, akaingiza kipande cha godoro kando ya shingo, akafunga mkanda kiunoni. Mwende alitetemeka mara moja, halafu mabega yakashuka. Kichwa kikakaa katikati. Akaangalia mbele, wala si juu angani kama akiwa mkekani, wala si kisogo cha mama, akaona uani kwetu kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kama mtu. Kuku alipita. Akacheka.

Siwezi kuwadanganya kwamba kiti kile kilimaliza shida. Mvua zilipokuja njia iliharibika na wanawake wakaichimba upya. Kuna asubuhi Mwende alikataa kukaa, na kuna watu ambao waliendelea kusema waliyokuwa wakisema. Mimi nimebaki mtu wa kuhesabu pumzi za wengine. Lakini jioni ile nilikuwa namtazama mama. Alikuwa bado ameinama mbele ya kiti, mikono imetanda hewani, inangoja mtoto aanguke. Mwende hakuanguka. Mama akangoja tena kidogo. Kisha akaishusha mikono, akashika kiuno, akaanza kujinyoosha polepole, kama anayejaribu kuona mwisho wake uko wapi, na akaendelea kwenda juu hadi akawa amempita Fundi Kyalo, akampita baba.

Nilishtuka. Nikamvuta Mama Ndunge leso, nikamuuliza mama amefanyiwa nini hadi akawa mrefu hivyo.

"Hajafanyiwa kitu," Mama Ndunge akasema. "Hivyo ndivyo alikuja hapa akiolewa."